Kipande cha Kumi na Mbili

Mpimaji alishuka handakini jioni ile akiwa amefura kwa hasira. Kofia ngumu alikuwa ameibamiza kichwani, daftari amelibana kwapani, na vidato vya chuma alivikanyaga kwa kishindo utadhani kila kimoja kimemkosea.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Asubuhi wakubwa walizindua bamba la marumaru kwenye lango la bwawa, lenye majina ya watu kumi na wanane waliofia kazini wakati ukuta ule unajengwa. Hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Mpimaji akamfuata meneja, akamuuliza kwa adabu zote kwa nini jina la baba yake halimo. Meneja hata hakusimama. Alimjibu huku anafunga mlango wa gari.

"Baba yako hakufa, dada. Alitoroka. Faili lipo."

Faili lipo! Miaka thelathini na moja lile faili lilikuwa linamtafuna yeye na mama yake. Lilikuwa na mistari mitatu. Fundi wa kushindilia zege, zamu ya pili, ameacha kazi bila taarifa, amevuka mto, anaaminika kuishi nchi ya ng'ambo. Mji mzima ulioko chini ya bwawa uliimeza mistari ile bila kutafuna. Mama yake akawa "mke wa mtoro". Yeye mwenyewe, tangu chekechea, akawa "mtoto wa mtoro". Na ubaya ni kwamba aliamini. Aliiomba kazi ya pale bwawani kwa sababu moja tu, kwamba siku moja apate kibali cha kuvuka, amkute huyo mwanamume ana kitambi na wajukuu, amtemee mate.

Juu ya ngazi alimwacha Mzee Tochi, msimamizi wake. Jina hilo alilipata enzi za ujenzi, alipokuwa mshika taa wa kazi za usiku. Sasa alikuwa mzee wa magoti mabovu, na kwa miezi kadhaa hakuteremka tena; alikaa kwenye kiti cha plastiki akimsubiri Mpimaji arudi na vipimo.

"Umekasirika, mwanangu," alimwambia.

"Sijakasirika."

"Haya. Usisahau kugonga. Na useme."

"Jirani leo hayupo, Mzee. Upande wao wamefunga mpaka kesho kutwa. Nimwambie nani sasa?"

"Wewe sema tu."

Mpimaji akasonya, akashuka.

Kazi yake haikuwa ngumu kuieleza. Mto ule ni mpaka. Nusu wetu, nusu wao. Ukuta uliouziba hauna nguzo wala nyaya za kuushikilia. Ni zege tupu, kipande kando ya kipande, vipande ishirini na vitatu kutoka ukingo hadi ukingo, na wote unasimama kwa uzito wake. Ndani yake kumepita handaki jembamba, la upana wa watu wawili waliokonda. Maji kidogo hupenya, kama kila ukuta wa namna hiyo, na huchuruzika kwenye mfereji wa sakafuni. Kila jioni saa kumi na mbili Mpimaji alipita na tochi akisoma maji yamefika wapi kwenye kibati cha vipimo cha kila kipande. Mwisho wake ulikuwa kipande cha kumi na mbili, cha katikati kabisa, mahali palipochorwa mstari mwekundu kutoka sakafuni hadi darini. Ng'ambo ya mstari alipima mtu wa nchi ya pili, aliyemwita Jirani.

Na kulikuwa na desturi yao. Ukifika kipande cha kumi, unagonga bomba la kushikia mara tatu kwa spana, kisha unasema kwa sauti, "Bado kidogo!" Wa upande wa pili anajibu kwa kugonga mara mbili. Ndivyo Mzee Tochi alivyomfundisha. Mpimaji aliamini ni ustaarabu tu wa watu wa gizani, wasije wakashtuana.

Alipita cha kwanza, cha pili, cha tatu. Taa za darini zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukutani chokaa ilikuwa imechuruzika na kuganda michirizi mieupe. Mitambo ya umeme iliunguruma mbali, mngurumo ambao huusikii kwa masikio bali kwenye meno. Cha nane. Cha tisa. Akaandika. Cha kumi.

Akainua spana.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hakusema kitu. Angemwambia nani? Na kwa hasira aliyokuwa nayo, hakuwa tayari kuongea na kuta.

Kimya...

Halafu, taratibu:

Ngo... ngo.

"Jirani?" aliita. "Si ulisema leo huji?"

Hakujibiwa. Akaendelea mbele, huku anatunga utani wa kumtania kwa kukosa likizo. Alipofika kipande cha kumi na moja, harufu ikampiga puani. Saruji. Si ile harufu ya ukungu aliyoizoea. Ilikuwa harufu ya zege bichi, lililotoka kuchanganywa sasa hivi.

Alifika kwenye mstari mwekundu. Ng'ambo yake taa zilikuwa zimezimwa, na mlango wa nondo wa upande wa pili ulikuwa na kufuli lake. Hapakuwa na mtu.

Akaangalia kibati. Siku zote maji yalifika sentimita nne. Jioni ile yalikuwa nane. Akachovya kidole, akakitoa upesi. Maji ya mle ndani huwa baridi ya kuuma mifupa. Haya yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Ngo... ngo.

Safari hii haikutoka kwenye bomba.

Ilitoka ukutani. Usawa wa sikio lake.

"Wameshamaliza?"

Ulikuwa mnong'ono wa mwanamume, mzito, kama wa mtu mwenye mchanga mdomoni. Mpimaji alihisi nywele zinamsimama ndani ya kofia.

"Nani?" alisema. Alijua fika kwamba hapaswi kujibu.

"Mimi... huku chini. Waambie wasimamishe ndoo. Zege limenifika kifuani."

"Wewe nani?"

"Fundi wa kushindilia. Zamu ya pili. Tochi yuko juu hapo? Taa yake siioni."

Mtu mwingine angekimbia. Mpimaji miguu ilitaka, lakini hasira iliyokuwa ndani yake kwa miaka yote ile ikamgandisha pale pale.

"Una mke?" aliuliza.

"Ninaye. Na binti. Ana miezi mitatu... hajaota hata jino."

"Anaitwa nani?"

Sauti ikalitaja jina lake. Si lile la cheti. Lile la nyumbani, ambalo duniani alibaki nalo mama yake peke yake.

Daftari likamponyoka.

"Mwambie mama yake nachelewa," sauti iliendelea, polepole, bila kulalamika. "Asinifungie mlango. Na huko juu waambie nimechoka kushika. Mkono mmoja umekufa ganzi. Kama wamemaliza... niachie?"

Pembeni yake, ndani ya kisanduku cha kioo, kulikuwa na timazi, waya uliofungwa juu kabisa ya ukuta na kushuka hadi pale ukiwa na jiwe la chuma mwishoni, wa kupimia kama ukuta unainama. Kwa mwaka mzima waya ule husogea unene wa unywele. Neno "niachie" lilipotoka, Mpimaji aliuona ukisogea milimita nzima. Vumbi la chokaa likamwangukia mabegani.

Mdomo wake ukafanya wenyewe kile ulichozoea.

"Bado kidogo," alisema. "Bado kidogo!"

Waya ukarudi.

"Haya," ilisema ile sauti, kwa utii uliomchoma kuliko kisu. "Bado kidogo."

Hapo ndipo alipokimbia.

Mzee Tochi alimwona anatokeza, akajua. Hakuinuka. Mpimaji alimkaba kola akamwinua yeye, kiti na vyote.

"Sema!"

"Hukusema maneno," mzee alinong'ona. "Nilikuambia useme maneno."

"Sema, mzee wewe, kabla sijakutupa mtoni!"

Akasema. Alisema akiangalia buti zake. Mto ulikuwa umebomoa kazi mara mbili, kipande kile kile cha katikati. Mkandarasi akaleta mtu, si wa kwetu wala wa kwao, mwenye mkoba wa ngozi na macho yasiyopepesa. Mtu yule akaonja maji ya mto, akatema. Akasema ukuta wa mpakani hausimami kwa zege peke yake. Lazima ushikwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, na waingie wakiwa hai, bila kujua, wakiwa katikati ya kazi.

"Na huyo wa kwao yuko wapi?"

"Walitudanganya. Sisi tulipotoa mtu, wao wakatumbukiza ndama. Tulikuja kujua baadaye. Kwa hiyo anashika peke yake."

"Kwa hiyo baba yangu anashika mto mzima peke yake."

"Mimi nilikuwa nimeshika taa tu, mwanangu."

"Taa tu!"

"Waliniambia niizime. Nikaizima. Ndoo ikashuka." Machozi yalimtoka mzee, na Mpimaji akayachukia machozi yale. "Sijawahi kumwacha. Kila jioni, miaka thelathini, nimeshuka kumwambia bado kidogo, tunamalizia. Akiisikia anatulia. Lakini mwaka jana sauti yangu akaanza kuichoka. Maji yakapanda. Ndiyo nikawaambia wakubwa ombi lako la kazi walipe nafasi... Nilijua damu yake akiisikia..."

Alikatishwa na spana iliyopita karibu na sikio lake, ikagonga ukuta, ikadunda.

"Kumbe ndiyo maana mliniajiri," Mpimaji alisema. "Mlimzika hai, mkamwandika mtoro, halafu mkanileta mimi nimbembeleze asiwasumbue!"

"Chini ya ukuta huu kuna watu elfu arobaini. Mama yako mmoja wao. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Ningewasha taa."

Akamwacha hapo, akashika njia ya nyumbani.

Mama yake alikuwa cherehanini alipofika, anamalizia kaptura za shule. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa mtaa wa mwisho kabla ya mto, na mlango wao, tangu Mpimaji apate akili, ulifungwa kwa makomeo mawili jua likizama. Akamweleza yote akiwa amesimama. Alitegemea kilio, au aambiwe amechanganyikiwa. Mama yake aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Alisema anachelewa?"

"Alisema hivyo, mama. Kwamba usimfungie mlango."

"Nilizichoma nguo zake," mama alisema. "Zote. Nilizichoma uani watu wakitazama, wakashangilia. Nimemlaani kila nilipokaa kula." Akaikunja kaptura, akaiweka juu ya nyingine, akazinyoosha kingo. "Na huyo Tochi alisimama hapo ulipo. Siku walipoleta barua. Akanipa pole, akaomba maji ya kunywa. Nikampa!"

Ile "nikampa" aliitamka kwa ghadhabu ambayo Mpimaji hakuwahi kuisikia kwake. Kwa miaka yote mama yake alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa.

"Kesho unanipeleka."

"Nitakupeleka. Lakini mama, unamwambia bado kidogo. Basi. Akiachia, ukuta unakwenda, na mji, na sisi."

"Nimekusikia."

"Mama, niahidi."

"Nimesema nimekusikia."

Kesho yake saa kumi na moja na nusu walipita getini. Mama alivaa koti la kung'aa lililomfika magotini na kofia iliyomzama hadi kwenye nyusi.

"Mpimaji, leo umetuletea bibi kizee?" mlinzi alitania.

"Mkaguzi kutoka makao makuu. Andika vibaya uone."

Mlinzi akakakamaa, akapiga saluti.

Mzee Tochi hakuwa kwenye kiti chake. Hakuna aliyemwona siku ile, na Mpimaji hakuuliza. Waliteremka kidato kimoja kimoja, mama akipumzika kila ngazi inapokata kona. Handakini aliziangalia kuta zile, michirizi ile ya chokaa, kwa jinsi mtu anavyoiangalia nyumba ya mke mwenza.

Kwenye kipande cha kumi Mpimaji alimpa spana. "Tatu," alimnong'oneza.

Mama hakugonga tatu. Aligonga kama mtu anayerudi kwake na kukuta kumefungwa, haraka haraka, kwa fujo. Kisha akatembea mbele peke yake, mpaka kwenye mstari mwekundu, akavua kofia, akaweka kiganja ukutani.

Harufu ya zege bichi ilijaa hadi kooni. Maji kwenye kibati yalikuwa sentimita kumi na moja, na yalikuwa yanatoa mvuke.

"Wameshamaliza?"

Mama alifumba macho. Midomo ilimcheza.

"Ni mimi," alisema.



"Mbona umekuja usiku huku?" ule mnong'ono ukauliza. "Mtoto umemwachia nani?"

"Nimekuja naye."

"Ana baridi?"

"Hana." Machozi yalimtoka mama, lakini sauti ilikuwa imara. "Waliniambia umenikimbia. Nikawaamini. Nisamehe, baba."

"Nakimbilia wapi mimi?" ilisema ile sauti kwa mshangao. "Nipo kazini. Mama... nimechoka. Wameshamaliza?"

Mpimaji alimsogelea. Alikuwa na muda. Alikuja kulifikiria hilo baadaye mara nyingi, kwamba alikuwa na muda wa kutosha kuuziba mdomo wa mama yake kwa kiganja, na mkono tayari alikuwa ameuinua. Bado kidogo. Maneno mawili tu. Angeyasema yeye kesho, na kesho kutwa, kila jioni ya Mungu, mpaka naye magoti yamwishe. Na baada yake wangetafuta mwingine wa kumdanganya mtu yule aliyezama kifuani anaulizia kama mtoto ana baridi.

Akaushusha mkono.

"Wamemaliza, mume wangu," mama alisema. "Wamemaliza zamani. Achia. Twende nyumbani."

Kulitoka pumzi ukutani.

Ndefu. Ya mtu anayetua mzigo.

Kisha mlio, wa chini sana, uliopita handaki zima kutoka nchi moja hadi nyingine. Taa zikapepesa. Ndani ya kisanduku cha kioo waya ukaanza kusogea, milimita moja, mbili, tatu, na haukurudi.

Mpimaji aligeuka akakimbilia kisanduku chekundu cha king'ora, akavunja kioo kwa kiwiko, akavuta mkono wa chuma hadi mwisho. Juu kabisa, mbali, king'ora kikaanza kulia juu ya mji. Wangesikia. Kilima hakikuwa mbali. Wangekimbia, wote, na meneja wao, na faili lao, wajue na wao kukimbia kukoje.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, twende! Kimbia!"

Mama yake alikuwa ameshatangulia kuelekea kwenye ngazi. Alikuwa anatembea taratibu, bega moja limelemewa, mkono wa kushoto ameuzungusha kwenye kitu ambacho Mpimaji hakukiona. Alimulika sakafu. Nyayo zilizolowa zilikuwa jozi mbili. Za mama yake zilikuwa za maji.

Nyingine zilikuwa za saruji mbichi.

Nyuma yao kitu kizito kilipasuka.

"Mama, nakuomba, haraka!"

Mama hakugeuka.

"Pole pole, mwanangu," alisema. "Baba yako hajatembea siku nyingi."